Barua za Mama Kwenye Mtambo wa Akiba

Dada yangu,

Huku hatujambo, ila goti langu linanung'unika kila nikipanda ngazi za masjala.

Nina neno. Zile barua za mama nilizozipiga picha, nilizihifadhi kwenye kompyuta ya ofisini, katikati ya majalada laki tatu. Jumatatu nikafanya usafi, nikazifuta pamoja na takataka. Sikushtuka, maana tuna mtambo wa akiba unaonakili kila kitu. Fundi akacheka: "Mzee, huo unakuiga tu. Ukiweka, unaweka; ukifuta, unafuta." Miaka sita nausimamia, dada.

Nilikuambia uzichome zile za karatasi. Tangu utotoni hujawahi kunisikiliza hata siku moja. Tafadhali, usiwe umeanza sasa.

Ni mimi mdogo wako, mtunza kumbukumbu.