Mtaalamu wa Korosho Anayeamka Saa Tatu

Jumatatu, 7 Julai
Uji wa Mjomba nimepeleka shambani, nimerudi, sufuria nimeosha. Sasa kazi za wenye akili. Mwalimu Masanja, mpangaji wetu wa chumba cha uani, kanipa kompyuta yake ya zamani. Betri imekufa, haitoki kwenye waya, kama mgonjwa wa dripu. Atanilipia na jina la tovuti, mara moja tu. Sharti: mada moja, na niichague kabla mwezi haujaisha. Watu wasome, matangazo yaje, hela iingie. Nikikosea kuchagua, kompyuta inarudi kwake.
Mada moja! Mimi ninazo arobaini. Kidato cha pili nilifeli, sawa, lakini mtihani wenyewe haukuniuliza ninachokijua.

Jumanne, 8 Julai
Mpira wa Ulaya: Mwalimu kakataa. Eti wanaoandika wako maelfu, na wenzangu wanaziona mechi, mimi nasimuliwa.
Mapenzi: Mama kacheka mpaka kakaa chini. Kasema hata kuku wake wananikimbia.
Simu: yangu ina kioo kimepasuka. Nimeifuta mwenyewe.
Mwalimu kasema kichwa changu kimejaa, ila kimejaa vya watu. Nitafute ninachokijua mimi na wengine wanakihitaji. Imeniuma. Ila yeye, mtu wa Mwanza, ataniambia nini?

Jumatano, 9 Julai
Nimepata. Korosho. Kuanzia Chiola mpaka Likunja kila mtu ana mkorosho, na kila mtu ana simu. Nimeshangaa sikuiona, nimezaliwa chini yake.
Mwalimu kasema niandike makala moja ya majaribio. Nimeandika juu ya kupuliza salfa, ule unga wa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu kwenye maua. Muda mzuri: saa nne asubuhi, jua likishakolea. Sijamuuliza mtu. Nimuulize nani? Kila siku nikipeleka uji saa nne namkuta Mjomba na barakoa usoni na mashine mgongoni, njano mwili mzima. Macho ninayo.
Chini nimesaini: Mtaalamu B., Nachingwea. Imependeza.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeitupa kwenye magrupu matatu ya WhatsApp. Watu wanasoma balaa. Mmoja kaandika "ubarikiwe mtaalamu". Nimeisoma mara nyingi. Mwalimu kasifu Kiswahili. Korosho yeye hajui, kwao ni pamba. Mjomba simu yake ya tochi, haioni kitu.
Leo nimetembea sokoni taratibu, kama mtu mwenye mambo.

Alhamisi, 24 Julai
Siku mbaya.
Dada Somoe kapiga kutoka Likunja, Mama kaweka sauti kubwa. Maua ya mikorosho yao yameota ubwiriunga, yanakauka meusi. Shemeji kapuliza salfa wiki mbili, yote imepeperuka. Kafuata mtaalamu wa kwenye simu, kasema saa nne.
Mjomba kaweka kikombe chini. "Saa nne? Saa nne mimi namaliza, nangoja uji. Salfa inapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande, ndiyo inashika. Huyo mtaalamu kazaliwa wapi?"
Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya huo uji.

Ijumaa, 25 Julai
Makala nimefuta. Hakuna anayejua. B. inaweza kuwa Bashiru, Bilali, mtu yeyote.
Ila korosho ile ndiyo bati za nyumba ya Somoe. Ananiambia kila akipiga, mvua ijayo wasilale tena chini ya nyasi.
Sahani nimeirudisha ilivyo. Mama kadhani malaria.

Jumamosi, 26 Julai
Nimekwenda Likunja kwa pikipiki. Njiani nilipanga maneno mazuri, nilipofika yakaisha. Nikasema tu: shemeji, yule mtaalamu ni mimi.
Kamgeukia Somoe aliyekuwa anachambua mboga. Halafu: "Yaani nimeharibu maua kwa kumsikiliza mtu anayeamka jua likimchoma matako."
Somoe hajacheka. Hajaniambia karibu chakula, kaniwekea tu.
Upande wa bondeni wa shamba umekwenda, hauokoleki. Wa juu ndiyo kwanza unatoa maua. Shemeji kauliza kesho naamka saa ngapi.

Jumapili, 27 Julai
Saa kumi na moja. Baridi. Mashine nzito, salfa inawasha macho, pua, mpaka masikio. Majani yamelowa kama yamenyeshewa. Unga ukifika unanata hapohapo, hauendi popote. Jua lilipochomoza upepo ukaanza, shemeji kanifanyia ishara nizime.
Basi. Ni hivyo tu. Kitu cha kuona kwa macho, na mimi miaka yote nilikuwa nimelala.

Jumatano, 30 Julai
Nimerudi Nachingwea. Wa juu wote tumepuliza. Shemeji anasema bati labda nusu ya nyumba. Somoe kanipa karanga za Mama. Zangu hakunipa.

Alhamisi, 31 Julai
Siku ya mwisho ya kuchagua. Mwalimu nimemweleza yote. Nilidhani atachukua kompyuta. Kauliza mada ni ipi.
Korosho, nimesema. Ileile. Makala ya kwanza inaanza: "Nilikosea, na mtu kapoteza maua." Chini jina langu lote, Bakari, na mtaa ninaokaa.
Waliosoma ni wachache. "Ubarikiwe" hakuna. Jamaa wa Mkotokuyana kauliza kwa nini mikorosho yake michanga inakauka ncha. Nimemjibu sijui, kesho namuuliza Mjomba.

Ijumaa, 1 Agosti
Nimetoka na Mjomba kukiwa giza. Kanikabidhi barakoa. Swali la Mkotokuyana nimemuuliza tulipopumzika, kajibu kirefu, nusu Kimwera. Nimeandika kwenye kiganja.
Saa nne Mama kaleta uji. Vikombe viwili.