Mama wa Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi mawingu, manyunyu mepesi, baridi ya kuvaa sweta. Siku ya kwanza ya mazoezi ya wodini.

Sisi wa mwaka wa kwanza wa theolojia tumepangwa wawili wawili. Mwenzangu anaumwa, nikaingia peke yangu. Wodi ya upasuaji, wanawake. Mchungaji wa hospitali alinisimamisha mlangoni: salimia, sikiliza, soma ukiombwa. Usiahidi kitu! Nikaitikia kama askari.

Kitanda cha dirishani yupo mama mmoja, fundi cherehani. Alilikagua koti langu, akauliza ni adui gani aliyenishonea. Nikacheka, woga ukapungua. Ana uvimbe kwenye kizazi, damu inamtoka miezi mingi sasa. Atapasuliwa Ijumaa. Akaomba nimsomee chochote.

Sikuwa nimejiandaa. Nikasoma kifungu cha kazi yangu ya darasani – yule mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi, akagusa vazi, akaambiwa amepona. Nakijua hadi mikato yake. Nilisoma vizuri, na nilijua nasoma vizuri.

Mama akalia. Akauliza: haya maneno ni yangu?

Nikasema: ni yako, mama.

Nimerudi hosteli kwa mwendo wa maringo kidogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Jua kali. Mhadhara wa ufafanuzi wa Maandiko. Mhadhiri amerudia kanuni yake: kabla ya kusema andiko linakuambia nini, uliza kwanza liliambiwa nani. Nikaandika, nikapiga mstari. Halafu mkono ukasimama.

Ni yako, mama. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu.

Nimejituliza – mbona watu husema hivyo kila Jumapili? Jioni nimemwuliza Kiyunani. (Tunaishi chumba kimoja. Jina amelipata kwa kukariri vitenzi vya Kiyunani hata bafuni.) Akasema nisijitese bure. Wewe si daktari, dada, nani atakusikiliza?

Jumatano, 8 Oktoba

Amenisikiliza.

Nimemkuta amekaa kwenye kiti, amevaa nguo zake za nyumbani, mkoba magotini. Amekataa kusaini karatasi ya upasuaji. Akaniambia kwa furaha: mchungaji mdogo, ungechelewa usingenikuta! Tangu Jumatatu damu imepungua. Sista aliyekuwa nyuma yake akanung'unika – imepungua kwa sindano zetu.

Binti yake akanivuta koridoni. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

– Dada, umemwambia nini mama yangu?

Nikaeleza. Hata kwangu mwenyewe maelezo yalisikika ya kitoto.

– Daktari amesema damu ikifumuka yuko nyumbani, hatutawahi kumfikisha hapa. Hivi huko chuoni wanawafundisha nini?

Wamembembeleza alale wodini usiku mmoja tu. Nafasi yake ya Ijumaa daktari ameishikilia hadi kesho mchana.

Mchungaji akaniita ofisini. Nikajua nafukuzwa. Akanimiminia chai – nikaogopa zaidi! Akasema kesho nitarudi mimi, si yeye. Nimwambie mama kwamba nilimsomea habari ya mtu mwingine, na kwamba sikutumwa na Mungu kumpa neno lolote. Nimwambie kweli hata kama atanichukia.

Nikifumba macho naona ule mkoba magotini. Kiyunani ananitazama, hakariri chochote.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mawingu tena. Njia nzima nilikuwa narudia: mama, sikutumwa, nilisoma tu, tafadhali msikilize daktari.

Mama alikuwa amelazwa chali. Shuka mpya. Damu ilirudi alfajiri, na kwa wingi. Midomo imepauka. Binti yake amekaa miguuni. Mama akanishika mkono – vidole vya baridi! Hakunilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo: mwanangu, mbona imerudi? Mungu amebadili mawazo? Hebu niulizie. Nifanye nini?

Nikafungua mdomo niseme sikutumwa. Maneno yalikuwa pale pale ulimini. Nikamwona jinsi atakavyogeukia ukuta, jinsi atakavyomkataa daktari, na mimi, na kila mtu. Na mchana umekaribia.

Nikajisikia nasema: amesema uende, mama. Wakupasue. Ndivyo atakavyokuponya.

Amesema! Nani amesema?

Mama akafumba macho, akatabasamu. Sasa hilo ndilo neno, leteni kalamu. Akasaini huku binti yake amemshikia karatasi. Akasema wakimshona ovyo atafumua mwenyewe. Tukacheka wote watatu.

Koridoni binti alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Mchungaji akanishika bega: unaona, binti? Kweli haikumvunja. Nikasema ndiyo, Mchungaji. Sikumsahihisha.

Kiyunani ameshangaa. Tulitaka apasuliwe, anapasuliwa – sasa unalia nini? Nikamwambia Jumatatu sikujua ninachofanya. Leo nimemsingizia Mungu nikiwa na akili zangu timamu. Akauliza polepole: na asipoamka?

Nilimwomba anyamaze.

Jioni binti alipiga simu. Daktari amewaambia hatari ipo, damu iliyopotea ni nyingi, lakini kusubiri ni hatari zaidi. Mama hana wasiwasi hata na nusukaputi. Ana ombi moja: kesho kabla hawajamwingiza, nije nimwambie tena lile neno. Mchungaji atakuwepo, na daktari, na ndugu zake wote. Anataka walisikie.

Nimesema nitakuja.

Nimepiga magoti, nimeinuka, nimepiga tena. Sijui naomba nini. Nikisema mponye, ni kama namdai atimize maneno ambayo hakuyasema. Nikinyamaza, ni kama namtupa mama wa watu. Kesho watanitazama wote, naye atauliza, na sijui mdomo wangu utatoa lipi. Nimejaribu kulitamka la kweli hapa chumbani, kwa sauti. Nimefika "mama, siku..." – "tumwa" haikutoka. Kiyunani amejifanya amelala.

Nazima taa. Saa tisa na robo usiku.