Kura Yangu kwa Kipaza

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepoa. Huku wote hawajambo isipokuwa mimi, niliyenuniwa na ukoo mzima. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unasoma bila kujibu. Tafadhali isome hii hadi mwisho, kisha ukitaka uichane.

Ni kweli klabu haikumwongezea mdogo wetu mkataba, na ni kweli mimi ndiye niliyemkwamisha. Nimesikia unawaambia watu kwamba nimemtosa ndugu yangu ili nionekane katibu mwenye msimamo. Hilo liliniuma sana, Dada.

Unajua sheria ya klabu yetu: mchezaji aliyepita miaka thelathini na mitano haongezewi mkataba mpaka kamati nzima ikubali. Mweka hazina alishikilia kwamba kipa wa umri ule amebaki mdomo tu, ndiyo maana mashabiki wanamwita Kipaza. Kocha akamjibu kwamba mdomo huo ndio unaowapanga mabeki. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe kocha akasema basi ichezwe mechi ya mazoezi, Kipaza asitoe hata neno, tuone.

Tulisimama nyuma ya goli lake na viatu vyetu vya ofisini. Mdogo wetu, ambaye hata akinong'ona majirani husikia, alinyamaza kama kabandikwa plasta mdomoni. Mabeki wakaanza kugongana. Wawili waliukimbilia mpira mmoja wakamwacha mshambuliaji peke yake. Wengine walisimama tu, kila mmoja akisubiri kuambiwa. Wakafungwa manne. Mweka hazina mwenyewe akakiri, huku akicheka, kwamba mdomo ule unastahili mshahara.

Siku ya kura mikono yote ilinyanyuka. Wangu niliukalia. Mwenyekiti alidhani sikusikia, akarudia swali, nami nikatikisa kichwa. Nilitoa sababu za kikatibu, kwamba klabu lazima ijenge kipa mpya, na hakuna aliyenitazama usoni hadi kikao kilipofungwa.

Sasa nikuambie nililokatazwa kusema. Jioni ya mechi ile Kipaza alikuja kwangu, akakaa jikoni. Nilimpongeza, hakucheka. Aliniambia kwamba sote tuliwatazama mabeki, tukasahau kumtazama yeye. Mpira ukiwa mbali hauoni tena. Tangu msimu uliopita amekuwa akisoma migongo ya mabeki: wakigeukia kushoto anajua mpira uko kushoto, naye anapiga kelele kufuata hapo. Siku ile walipochanganyikiwa, naye akapotea. Goli la nne alilijua kwa kusikia watu wakishangilia.

Nikamwambia basi akatae mkataba. Hapo mdogo wetu akalia, Dada. Alisema akiwekewa karatasi mbele yake atasaini, anajijua. Aliwahi kwenda kwa mwenyekiti kuaga, akafika mlangoni, akaishia kuomba glavu mpya. Akaniomba nimnyime mimi. Kunyimwa atavumilia, alisema, ila kujitoa mwenyewe hawezi. Na akanisihi nisimwambie mtu, hasa wewe, kwa kuwa wewe ukimwonea mtu huruma, mtu huyo huugua kweli.

Nimevunja ahadi kwa sababu wiki ijayo anakuja kupumzika kwako, na macho yale hayawezi kusubiri. Usimwambie kwamba unajua. Mwambie ni wewe unayekwenda kwa daktari wa macho, akusindikize, kisha mkifika umsukumie kwenye kiti.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Moyoni nisamehe, lakini mbele yake endelea kunilaumu, tena usinionee haya. Mkewe ameniambia kwamba siku hizi hukaa kimya kutwa nzima, ila watu wakinisema vibaya huchangamka, akasimama kunitetea kwamba kaka alifanya kazi yake, na sauti yake ikajaa nyumba kama zamani. Nami nimekuwa nikiwaomba rafiki zangu wapite kwake kunisema.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto, na goti ulikande kwa maji ya moto. Simu zangu usizipokee bado.

Ni mimi mdogo wako,
Katibu