Naam Uliyoimeza Mtoni

Hamriya, Maskati
Ijumaa, 3 Desemba 2004

Mpendwa kaka Marhoon bin Hamoud,

Asalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mkeo Sabah mgongo umempoa, na Hamoud mdogo anakwenda shule bila ya kuburutwa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi ya Maskati imeanza, ile ambayo wewe ungeicheka, na watu wameshatoa masweta kabatini kwa kaupepo tu.

Baba amefariki. Nakwambia mapema usije ukasoma mpaka chini kwa matumaini. Alifariki siku ya tatu baada ya Idi, saa tatu asubuhi, kitandani mwake, na tukamzika baada ya sala ya Alasiri. Mungu amrehemu.

Barua yako ya mwezi wa Agosti niliipata, tena bila ya kuchelewa. Ilikuwa humu ndani wiki kumi kabla hajafa, kwa hivyo usiilaumu posta. Niliitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, na ndimo ilimo mpaka leo.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini nilikufanyia vile kwenye boti. La pili, kama nitamwambia baba kabla hajafa kwamba u hai. Hilo la pili limeshajijibu. La kwanza nitakujibu mimi, na usitegemee maneno matamu, maana ulimi wangu mkali tangu udogoni. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na pilipili mdomoni.

Ulipotuona tumeshuka kwenye gari pale Rufiji na makofia yetu na kamera, ulidhani tumekuja kutazama viboko. Binti yangu Lujain ndiyo, alikuja kutazama. Miaka kumi na miwili, kila twiga kwake ni sherehe. Mimi nilikuja kumshika baba mkono, kwa sababu sukari ilishamaliza macho yake. Baba alikuja kukuombea dua. Miaka ishirini alikuwa akijua kwamba umekufa maji katika Mto Rufiji, na alitaka afike hapo kabla naye hajaondoka.

Siku mbili za mwanzo tulizunguka na gari mbugani. Baba alikaa mbele akinusa. Alikuwa akisema "tembo hao" kabla dereva hajawaona, na kweli tukikata kona wapo, na watoto wao, wakivunja matawi. Lujain akawa anacheka hana mbavu. Baba alifurahi siku hizo, Marhoon, kuliko nilivyomuona akifurahi Maskati katika umri wangu wote. Nilimwonea uchungu na nikamkasirikia.

Siku ya tatu tukashuka mtoni, na nahodha wa boti ukawa wewe.

Nilisoma jina kifuani kwako kabla sijakutazama uso. Katika bonde zima la Rufiji kuna Marhoon wangapi? Halafu nikatazama masikio, yale ya baba, yaliyotoka nje kama vipini vya kikombe. Wewe ulishajua. Umeniandikia kwamba jana yake ulipewa orodha ya wageni ukaona jina la Hamoud wa Maskati, na usingizi ukakuruka. Ulisimama pale umevaa shati lako la kazi, unasubiri nani kati yetu atakusalimia kwanza. Mimi nikakuuliza kama yale maboya ya kuvaa yamefuliwa.

Lujain alininong'oneza kwa Kiarabu, "Mama, mbona huyu ana masikio ya babu?" Nilimfinya mpaka alama ikabaki siku mbili.

Ulitupeleka vizuri, hilo nalikubali. Mamba wamelala mchangani, miti ya mivumo imesimama kwenye kingo, tai furukombe analia juu. Tulipofika penye viboko ulizima mashine, ukapiga ubavu wa boti kwa kiganja mara tatu, ili walio chini waibuke tuwaone walipo. Baba aliposikia hivyo akanyanyua kichwa.

"Nani kakufunza kupiga hivyo?" akauliza.

"Baba yangu, mzee. Tulikuwa tukivuka kwa mtumbwi, tukileta bidhaa dukani."

"Yu hai?"

"Yu hai, mzee. Yuko mbali."

"Basi una bahati," baba akasema. "Mie mwanangu yumo humu majini. Niwekee boti hapa hapa nimwombee."

Hapo ndipo uliponitazama. Mpaka dakika ile hukujua kwamba kwetu wewe ni maiti. Ulidhani tumekusahau tu, na kusahauliwa ulishakuzoea. Niliona ukielewa, na sikuondoa macho yangu kwenye maji.

Baba akasoma Fatiha, akaomba dua ndefu, akakutaja kwa jina lako na lake. Akamwomba Mungu akupanulie kaburi ambalo hakulijua liko wapi. Nawe ulikuwa mita moja nyuma yake, mkono kwenye mashine, ukiitikia "amin" kila alipotua. Mtu aliitikia dua ya maiti yake mwenyewe, na mimi nilikuwapo na nikaitikia pamoja naye.

Alipomaliza akakuita, kama alivyokuwa akikuita dukani Utete akitaka umletee maji. "Marhoon!" Kwa sauti nzima, mpaka yangeyange wakaruka. Unajua alivyotulea, mtoto mwanamume akiitwa aseme naam, mtoto mwanamke aseme abee. Nikaona mdomo wako umefunguka. Naam ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikakuwahi.

"Abee, baba," nikasema.

"Sikukwita weye," akanijibu. "Nnamwita nduguyo."

Ukaimeza. Kisha ukawasha mashine ukageuza boti. Ungeweza kuitikia. Mpaka leo sijui kama ulinyamaza kwa kuogopa kazi yako au kwa kunionea huruma, na kama ni huruma basi ichukue mwenyewe, siitaki.

Kwenye kushuka ulimpa baba mkono kumpandisha ukingoni. Akaushika, hakuuachia. Akakuuliza jina. Nikajibu mimi, "Anaitwa Shamte, baba." Ulinitazama, ukasema, "Shamte, mzee." Basi akaniambia nitoe lile bakuli la halwa tulilolibeba kutoka Matrah, sadaka ya marehemu, akakukabidhi. Sadaka yako, uliyotolewa wewe, ukaipokea wewe. Na akakwambia, "Nnakuridhia." Mimi nikadhani ni uzee. Nani humpa nahodha wa boti radhi?

Sasa kwa nini.

Unakumbuka sote tulikaa Utete mpaka mwaka sabini na nne, wewe una miaka minane na mimi mitano. Baba akatuchukua mimi na mama yangu Khole, wewe akakuacha kwa mama yako, akakuahidi atakuleta. Aliikusudia ahadi yake. Mwaka themanini na nne uliandika kwamba umemaliza shule, utumiwe karatasi uje. Baba hakuwa akisoma herufi za kizungu, alisoma za Kiarabu tu, na barua zote za Kiswahili nilimsomea mimi. Mama aliifungua ile kwanza. Akaniambia nimsomee baba kwamba umeghairi, hutaki tena kuja.

Hayo ndiyo aliyoniambia mama, na hakuzidisha. Kifo nilikibuni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimekaa mkekani na barua yako mkononi, na nikafikiri: akisikia umeghairi atakufuata. Atapanda ndege akubembeleze, kwa sababu jina lako halikumtoka mdomoni tangu nipate akili. Basi nikasoma kwamba boti ilipinduka na hukuonekana. Nikasoma taratibu, na nikatua panapostahiki kutua. Baba aliinama akalia, mama akanitazama kwa hofu, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiniogopa. Barua zako nne zilizofuata nilizichana kabla ya yeyote kuziona.

Watu watakwambia tuliona aibu ya rangi yako. Mama labda. Mimi nilikuonea wivu, ndiyo sababu yenyewe, na nakuandikia kama ilivyo. Mama ameshakufa miaka mitatu sasa, kwa hivyo pale mtoni sikuwa na mtu wa kumsingizia. Nilimwogopa baba. Niliogopa ajue kwamba miaka ishirini ya kulia nimempa mimi, afe bila kuniridhia. Nikapima wewe na radhi, nikachagua radhi.

Tuliporudi Maskati akaanza tabia mpya. Kila Alkhamisi baada ya Magharibi ananiita. "Masouda, hakuna barua kutoka Rufiji?" Namwambia, "Hakuna, baba." "Hakuna kabisa?" "Hakuna kabisa." Barua yako ilipofika sikubadilisha jibu. Alkhamisi kumi aliniuliza na iko kwenye droo, hatua tano kutoka kitandani kwake. Nilidhani amechanganyikiwa, maana nani wa kumwandikia kutoka huko?

Asubuhi aliyofariki nilikuwa peke yangu chumbani. Akaita, "Marhoon." Akaita tena. Niliona mwisho umefika, nikasema nimpe hilo aondoke nalo. Nikavua bangili zangu zote, moja moja zisilie. Nikaikaza sauti ikawa nzito. Nikasema, "Naam, baba."

Akanyoosha mkono. Nikampa wangu. Akakipapasa kiganja, kidole kwa kidole, kama anayehesabu tasbihi, kisha akaurudisha juu ya shuka.

"Huu sio," akasema. "Wa Shamte una sugu."

Akageuza uso ukutani. Hakusema na mimi tena.

Kwa hivyo alijua, Marhoon. Tangu pale ukingoni alijua. Pengine alinyamaza asinifedheheshe mbele ya mwanangu, pengine alitaka niseme mwenyewe, na kila Alkhamisi alinipa nafasi nami nikairudisha. Nilikuuza wewe nipate radhi, na sikuzipata. Wewe unazo, ulipewa mchana kweupe na bakuli la halwa mkononi, na aliyekupa alikuwa anajua anampa nani.

Sikuombi unisamehe, na ukinisamehe upesi nitajua unaniongopea. Nakuomba jambo moja tu. Siku usiyokuwa na wageni, nenda pale penye viboko uzime mashine, umwitikie baba. Alikuita na hajajibiwa bado. Naam ile nilijaribu kuisema mimi, na haikunikubali.

Mpe Sabah salamu zangu, na Hamoud mdogo mwambie ana shangazi, mbaya lakini yupo. Lujain anakusalimu sana. Jana nilimweleza yote, na tangu aliponipa salamu hizo hasemi na mimi. Ile picha aliyokupiga na baba mmeshikana mikono ukingoni nimeitia kwenye bahasha mara mbili na mara mbili nimeitoa. Safari hii imo ndani, na bahasha nimeshaibandika gundi.

Mungu akulinde na mto, akupe umri alioukosa baba wa kukutazama, na akujaalie watoto wanaosema kweli.

Ni mimi niliyekuua nikiwa na miaka kumi na mitano, na ninayekupenda leo bila ya haki,

dada yako,
Masouda binti Hamoud