Ati Shaka Zetu Ndizo Zilizoleta Risasi

Bi Shamis, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa nyumba hapa Garissa, na barua hii naiandika kwa sababu nimesikia maneno ambayo sikudhani mtu mwenye akili timamu anaweza kumwambia mgonjwa, na kila nikijaribu kuyasahau yananirudia, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho, halafu uniambie kama mwenye makosa ni mimi au ni dunia imepinduka.

Mume wangu Hirsi si mtu mbaya, hilo nalitanguliza. Mwaka ule wa ukame mkubwa, kabla ya uhuru, laga, ule mto wetu wa msimu, ilipokauka na wanaume wote wakaacha kuchimba, yeye peke yake alisema maji yapo, nayaona, akachimba mchanga mpaka kucha zikang'oka, na wallahi maji yakatoka, tukanywa sisi na wakanywa hata waliomcheka. Tangu siku hiyo neno lake ni kubwa kwetu na kwao. Sasa mwaka jana alikaa kwenye hoteli ya chai na mfanyabiashara mmoja aliyetoka Nairobi, akaambiwa kwamba mtu hupata kile anachokiwaza, ukiwaza umefika utafika, ukiwaza utakwama utakwama, na mume wangu akaona kumbe hiyo ndiyo siri ya yale maji, akaichanganya na mambo yetu ya fali, yaani neno jema au baya linalomfuata mtu njiani, maana sisi tangu utoto tumekatazwa kumtajia msafiri mabaya, na tangu hapo nyumbani kwangu hakuna anayethubutu kusema hata kwamba mawingu ni mazito.

Anachotaka ni kufungua bucha hapa mjini kabla ya Ramadhani. Ng'ombe wetu wako Ijara, wengine wake na wengine ni wale wa mahari yangu, na bucha ameshaijenga, ndoano ameshazitundika, hata kuku hajachinjwa humo lakini kila asubuhi anasimama mlangoni anawakaribisha wateja ambao hawapo. Mimi hilo sikulijali, nilicheka kimoyomoyo nikaenda kuuza maziwa yangu.

Lakini unajua hali ya huku na hivi vita. Mifugo haitembezwi bila kibali cha serikali, jua likizama hakuna ruhusa ya kuwa njiani, na porini huwezi kujua aliye nyuma ya kichaka ni askari au ni shifta, wale waasi wenye bunduki, kwa hiyo wachungaji siku hizi wanazijaza majani zile kengele za mti zilizo shingoni mwa ng'ombe ili zisilie. Hirsi amekataa yote. Kuomba kibali, anasema, ni kuwaza kwamba utasimamishwa, na kuziba kengele ni kumwita adui kwa jina lake, na mtu anayefanya hivyo ameshajifungia njia mwenyewe.

Mwezi uliopita akamtuma Warfa, mtoto wa dada yake, ambaye ameoa juzi tu. Warfa aliomba jambo moja, azibe kengele, akakatazwa mbele ya watu wote. Hakufika hata nusu ya njia, giza lilimkuta porini, akapigwa risasi ya paja, mpaka leo hatujui ilikuwa bunduki ya nani, na ng'ombe wakatawanyika.

Tukaenda kumwona hospitalini. Hirsi akaketi kitandani, akamshika mkono kwa upole kabisa, akamwambia, "Warfa, ulitia shaka. Uliwaza risasi, ndiyo maana ikakuona." Bi Shamis, nilidhani sikusikia vizuri. Na Warfa, mguu umefungwa kitambaa kutoka nyonga mpaka goti, akasema, "Nisamehe, abti." Yeye ndiye aliyemwomba mjomba wake msamaha. Mama yake mzazi alikuwa hapo, akatikisa kichwa kukubali, kisha akanigeukia mimi akaniambia, "Na wewe ulipomuaga ulisema Mungu akukinge. Akukinge na nini, Habibo? Kwa nini uliwaza kuna kitu?" Watu wote chumbani wakanitazama, nikakosa pa kuweka macho.

Sasa zamu ni ya Alio, ndugu yangu, tumbo moja, mama yetu hana mtoto mwingine wa kiume. Mwezi wa Shaabani ukiandama ataswaga ng'ombe waliobaki Ijara, bila kibali, kengele zinalia, na amekubali kwa furaha, anasema anataka kuonyesha kwamba moyo wake ni safi kuliko wa Warfa. Mimi nimefunga mdomo. Nikisema, nitakuwa nimempigia fali mbaya, nikinyamaza, naona kama ninamsindikiza kaburini, na wakati mwingine nawaza, huenda mume wangu anajua, kwa sababu yale maji kweli yalitoka. Niambie, dada yangu, je, kuwaza mema kunamfikisha mtu anakotaka, na mimi nikiogopa, hofu yangu inaweza kumuua Alio?

Habibo, Garissa

Habibo,

Wenzako walioniandikia wiki hii watanisamehe, yako nimeitanguliza kwa sababu Shaabani haisubiri mtu. Nimeshtuka, na hata sasa ninapojibu bado nimeshtuka. Kijana ana tundu la risasi pajani, halafu yeye ndiye anayeomba msamaha, na mama yake anaitikia. Pole sana, na umpe pole yangu Warfa.

Mimi ni mzaliwa wa Bute na baba yangu alikuwa msafiri, kwa hiyo usidhani unaongea na mgeni wa mambo ya fali. Hatumtajii msafiri mabaya ili asiondoke na moyo mzito, ni adabu ya kuagana, basi. Baba akishaagwa kwa maneno mazuri alikagua viriba vya maji kimoja kimoja, akivibonyeza kuona kama vinavuja. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kukagua kiriba ni kuita kiu.

Unauliza kama kuwaza mema kunamfikisha mtu. Kunamsaidia, sitakudanganya. Hirsi angekata tamaa kwenye ile laga mngekufa kwa kiu. Lakini hebu kumbuka ulichoniandikia mwenyewe, kwamba alichimba mpaka kucha zikang'oka. Matumaini yalimpa nguvu ya kuchimba, na kuchimba ndiko kulikoleta maji. Huyu Hirsi wa leo ameacha kuchimba, amebaki na matumaini peke yake, na kibaya zaidi, safari hii kinachochimbwa si kisima, ni kaburi la mtu mwingine. Aliyekuwa na bunduki gizani hakusikia mawazo ya Warfa wala dua yako, alisikia kengele.

Kwa hiyo hapana, hofu yako haiwezi kumuua Alio. Kunyamaza kwako kunaweza, na hapo nakugombeza. Unanitajia juu juu tu kwamba baadhi ya ng'ombe ni wa mahari yako, kama mtu anayetaja sufuria. Mahari ni mali yako kwa dini yetu, si ya Hirsi wala ya dada yake. Ng'ombe wako hata mmoja asitoke Ijara bila wewe kutaka, na ulitamke hilo leo, kwa mdomo wako, mbele ya mashahidi.

Kesho mpeleke Alio kwa Warfa uwaache wawili peke yao, yule mama akae nje. Kijana akiona kidonda kinavyofungwa na kufunguliwa, hamu ya kuonyesha usafi wa moyo itapungua. Kisha mwite sheikh wenu nyumbani, aseme, Hirsi akiwa anasikia, kama kumwambia msafiri "Mungu akukinge" ni dhambi. Kibali mkaombe wewe na Alio, ng'ombe waje mchana pamoja na wenye mifugo wengine, na kila kengele ijazwe majani. Kibali kisipopatikana, wabaki Ijara, na bucha ianze na mbuzi wa soko la hapo hapo Garissa, nyama ni nyama. Na urudi tena kwa Warfa umwambie hana kosa lolote. Mwambie kila siku, maana lile la kwamba ana kosa ameshalisikia kwa watu wengi.

Hirsi atasema umeiharibu safari kwa mdomo wako. Usibishane naye. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali panaposema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kwenda Ijara kuleta ng'ombe hao, sikupaona. Alikwenda Warfa, na sasa anatumwa Alio. Basi ngoja mpaka mama yako na dada yake wawe wameketi, umuulize kwa sauti ya kawaida, "Hirsi, wewe ndiye usiye na shaka hata chembe, mbona huendi wewe?" Ukishauliza nyamaza, wala usimsaidie kujibu.

Bi Shamis