Maharagwe ya Mama Matope

Jumamosi, 16 Julai 2005

Baridi ya kukata masikio. Wamekuja wote watatu. Kibe kwa gari la babake kutoka Lavington, Odero kwa miguu kutoka kazini mjini, na Hannah wa ghorofa ya pili, aliyepanda na kandambili. Mimi niko ghorofa ya nne, kama kawaida. Ningekuwa wapi kwingine?

Mchezo ni ule wa kitabu alicholetewa Kibe na mjomba wake, na dadu zenye pande nyingi ajabu: mmoja anaendesha zimwi, wengine kila mtu na mhusika wake wa kulipiga. Sheria yetu wenyewe ni moja: mwenye zimwi ndiye mwenye nyumba. Zimwi likifa, zamu inahama na sote tunahamia kwa mwingine. Baada yangu ni Kibe.

Zimwi langu ni Mama Matope. Anakaa kinamasini, hana macho, ananusa woga. Uhai wake ni bakuli la maharagwe nyuma ya katoni, wasiweze kuchungulia. Akipigwa natoa, naweka kwa sahani. Bakuli likiwa tupu, amekufa. Ya sahani Hannah anaenda nayo, maana ndiye huleta maharagwe, na Jumapili ananiletea yakiwa githeri, yamepikwa na mahindi.

Leo mpiga mishale wa Odero hakukosa hata mara moja. Zilibaki punje chache sana. Wakasimama kumimina chai — nikarudisha konzi mbili kutoka kwa sahani. Haraka! Hawakuona.

Kibe akaangalia saa, akasema basi, tutammaliza wiki ijayo. Nikasema haya.

Jumatatu, 18 Julai

Bwana Mungai wa ofisini amepiga simu. Nirudi tarehe nane Agosti ama kiti changu kipewe mtu. Nimemwambia daktari hajaniruhusu. Uongo mtupu. Plasta ya mguu ilitoka Juni na daktari akasema tembea, mama, mfupa umeshika. Siku hiyo Odero na Kibe walinibeba kwa kiti cha plastiki, kwenda na kurudi, macho nimefumba njia yote.

Ndani ya nyumba natembea vizuri. Jana hata nimecheza redio ikiimba. Ni hizi ngazi. Ndizo zilizonitupa Aprili.

Leo nimefungua mlango, nikasimama, nikashika chuma cha ngazi. Askari wa geti alikuwa anapiga deki huko chini. Ile harufu ya simiti iliyolowa — siku ile pia ilikuwa hivyo. Nimerudi ndani nikafunga kufuli mbili, kana kwamba ngazi zitanifuata.

Jumamosi, 23 Julai

Hannah kaja akilalamika. Githeri ya wiki jana ilikuwa mahindi matupu, mbona wafu walikuwa wachache? Nimecheka sana, kupita kiasi.

Kwa hivyo leo sikugusa sahani. Nilijaza mfuko wa sweta kutoka kwa mkebe wangu wa jikoni, na kila walipoinama kutazama dadu nikaongeza. Akili, eh?

Walipiga. Wakapiga. Odero mwishowe akatupa penseli. "Huyu mathe hafi? Ama anakunywa dawa gani?"

Kibe akafungua kitabu. Yeye ni mtu wa mizani: zimwi lipimwe na idadi ya watu, likaribie kuwaua, halafu liwaachie mlango. Kwa hesabu yake Mama Matope angekuwa ameanguka kitambo. Nikamwambia anajiponya kwa matope. Akaniangalia. Akafunga kitabu polepole.

Walipoondoka nilisikiliza miguu yao ikishuka mpaka chini. Wanashuka wakiongea! Hata hawaangalii wanapokanyaga.

Jumapili, 24 Julai

Hannah hakuleta githeri. Ameleta sinia. Juu yake mafungu mawili ya maharagwe: moja jekundu, moja la madoadoa.

"Nilikuwa nachagua mawe," akasema. "Mimi nilileta nyayo pekee, haya mekundu. Hii mwitemania ya madoadoa imezaliwa wapi?"

Ee Mungu wangu. Wiki mbili najiona mjanja, na sikukumbuka kwamba hakuna mtu anapika maharagwe bila kuyachagua kwanza!

Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. Akakaa kitandani kwangu, akauliza kwa sauti ya chini kama ni ngazi. Nimelia mpaka kamasi. Nikamwambia ndiyo. Mama Matope akifa, Jumamosi itakuwa Lavington, na mimi sitafika, na watacheza bila mimi, na baada ya hapo hakuna mtu atapanda huku tena. Hannah akasema niwaambie wengine. Nikamwambia awaambie yeye, mimi siwezi.

Jumatano, 27 Julai

SMS ya Odero. Kwamba anatembea na hii baridi kuja kuua kitu ambacho hakiwezi kufa. Kwamba nimewafungia ndani na mimi.

Nimeikasirikia simu yenyewe. Halafu nimeisoma tena. Ni kweli. Ndio uchungu wake.



Jumamosi, 30 Julai

Wamekuja! Sikutarajia. Odero hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwa meza, akaondoa katoni, akaweka bakuli katikati, kila mtu aone.

Tukacheza hivyo, bila pazia. Mganga wa Hannah ndiye alimmaliza, kwa mchi! Nilidhani nitalia. Nikajikuta nimesimama napiga kelele nao, na Odero akanipiga bega.

Zamu ya Kibe.

Odero akasema watanibeba na kiti. Hannah akakataa. "Kiti ilikubeba Juni, na bado uko hapa."



Alhamisi, 4 Agosti

Kibe amepiga simu. Zimwi lake liko tayari, amelipimia watu watatu: Hannah, Odero na mimi. Hata mhusika amenichagulia. Mpanda milima. Mjinga huyu!

Nikamwambia alipunguze liwe la wawili, in case nikose. Akakataa. "Sipunguzi. Ukikosa linawamaliza, na unajua vile Odero anapenda huyo mtu wake wa mishale."

Hiyo ni kunishika shingo! Nimemkatia simu. Kisha nikampigia, nikamuuliza mpanda milima ana kamba ya urefu gani.

Jumamosi, 6 Agosti

Naandikia kwenye ngazi.

Nimeshuka kwa makalio kama mtoto, kidato kwa kidato, mkoba shingoni. Sketi imeharibika. Niko pale zinapokata kona, kati ya ghorofa ya nne na ya tatu. Ni hapa hapa niliamkia siku ile. Simiti leo ni kavu — Odero alimwambia askari asipige deki mpaka nipite.

Nikachungulia chini katikati ya vyuma na mikono ikakataa kuachilia. Nimeitoa shajara ndio mkono mmoja upate kazi. Huu mwingine bado umeshika.

Mlango wangu niliuacha wazi. Nikiinua kichwa nauona, na pazia ya sebuleni. Ni karibu sana. Kwenda juu siogopi hata kidogo.

Naona kandambili za Hannah huko kwake. Amesimama tu mlangoni. Nimemuita aje anishike mkono, akasema anafunga nyumba. Kufuli gani hilo linafungwa muda wote huu?

Kibe alipiga honi mara moja. Gari linanguruma pale nje tangu nitoke.

Odero anaita kutoka chini kabisa: "Wanjugu! Ukirudi juu tuambie tu, tujue tunakufa wangapi!"

Nimecheka. Kicheko kimeshuka mpaka chini peke yake.

Sasa Kibe amezima gari; ameamua kunisubiri.