Kwa Baba, Aliyewakalisha Wafadhili Darasa la Tatu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulale usiamke, na leo tunakuandikia hofu ikiwa imezidi huzuni. Utusamehe.

Ulikuwa afisa elimu wa wilaya nzima, lakini nyumbani ulikuwa mzee wa kupekua mabegi ya watoto. Hukuamini mtoto anajua kusoma mpaka aisome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, maana wengi hukariri ukurasa kama wimbo. Hata shemeji yetu alipokuja kuposa ulimpa gazeti. Alichemsha, akashindwa kulisoma kinyumenyume, lakini ukampenda kwa kuwa alicheka.

Wafadhili walipokuja mara ya kwanza walitaka kujenga ukumbi wenye jina lao. Uliwashukuru, ukawakalisha kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yakikaribia kidevu, wawasikilize watoto wakisoma kinyumenyume. Watoto wakakwama. Ukasema, "Ukumbi utapendeza. Ila mimi naomba watu wa kukaa na walimu wangu darasani, wiki kwa wiki, wawaonyeshe namna ya kufundisha kusoma." Wakakubali. Walimu wakuu waliozoea kushinda na mihuri ofisini wakarudi madarasani, na watoto wengi wakaanza kusoma kweli.

Sasa kiti chako amekikalia dada yetu mkubwa. Ufadhili unaisha, na wageni wanarudi kuamua kama wataendelea. Shule za mbali bado zinasuasua. Ofisini wamemwambia, "Bosi, tuwapange watoto wakali wa shule za karibu tu. Ukurasa wameshaukariri, nani atajua?" Akizionyesha zile za mbali, wageni wanaweza kufunga virago, na wakufunzi wale wanaokaa na walimu waondoke nao. Akizificha, watoto wale hawatasaidiwa na mtu.

Juzi alikaa jikoni na Mama mpaka chai ikapoa. "Mama, naogopa. Nikikosea, ni watoto wa watu."

"Baba yako naye aliogopa," Mama akajibu. "Asubuhi ya wale wageni vifungo vya shati vilimshinda, nikamfunga mimi."

Hatukujua, Baba. Tulidhani ulizaliwa jasiri.

Dada amewapigia wafadhili simu: wataanzia shule iliyo nyuma kuliko zote. Walisema "sawa" tu, wakakata. Tangu hapo hakuna anayelala vizuri humu ndani.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako, mwanao wa mwisho, mkweo wa gazeti na wajukuu. Hutatutoka moyoni kamwe. Tuombee, Baba. Wanafika kesho.